Kutafuta Mtandaoni: Andika Maneno ya Jibu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze na wanaoanza kutumia intaneti kuhusu namna ya kutafuta habari na kuzipata, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku za mwanzo nilikiandikia kisanduku cha kutafutia kama mtu anayemwandikia mkubwa wake barua: naomba kujua ni kwa nini maji ya kisima chetu yananuka siku hizi. Kurasa zilikuja tele, baadhi zikitangaza mashine za kuchimbia visima, na hakuna hata moja iliyonijibu. Nilidhani nyuma ya kile kisanduku yupo mtu anayenisikiliza, kumbe ipo faharasa.

Faharasa mnaifahamu: ni ile orodha ya mwisho wa kitabu inayotaja neno, kisha namba za kurasa linakopatikana. Mtambo wa kutafuta, uwe Google, Bing au DuckDuckGo, hutegemea programu ambazo wajuzi huziita buibui, kwa kuwa hutambaa kutoka kiungo hadi kiungo, yaani yale maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine, zikisoma kurasa na kuorodhesha yaliyomo. Unapotafuta, mtambo hauanzi kuizunguka dunia wakati huo huo. Unafungua orodha iliyokwisha kuandaliwa, na ndiyo maana majibu huja kabla hujapepesa jicho. Ukurasa ambao buibui hawakuufikia, au uliofungwa kwa nywila, yaani neno la siri, hutauona hata ukitafuta mchana kutwa. Mwaka 1990 Alan Emtage, akiwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitengeneza Archie, mtambo ulioorodhesha majina ya mafaili tu, hivyo mtafutaji alilazimika kulikisia jina la faili lenyewe. Google, iliyoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, ilipata sifa kwa kuangalia pia ni kurasa zipi zinazoelekezewa viungo vingi na kurasa nyingine zenye uzito. Mitambo ya leo imeerevuka zaidi, hujaribu kuelewa maana na hata kusahihisha tahajia zetu, lakini bado inachokuletea ni kile ambacho mtu fulani alikiandika mahali fulani.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, jiulize: ukurasa wenye jibu langu umeandikwa kwa maneno gani? Aliyeeleza habari za maji yanayonuka hakuandika "chetu" wala "naomba kujua". Niliporudi na kuandika "maji ya kisima harufu ya mayai viza", nilikutana na jina nisilolijua, hidrojeni salfaidi, gesi inayoweza kutokana na bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni. Nikatafuta tena kwa jina hilo, na papo hapo nikahama kutoka kurasa za walalamikaji kama mimi hadi kurasa za wataalamu wa maji. Utafutaji wa kwanza ulinipa msamiati, wa pili ukanipa jibu. Wengi wetu huishia kwenye ule wa kwanza, kisha tunasema mtandao hauna kitu.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na hali katika neno moja, hivyo "ninavyofuga", "tulifuga" na "wafugao" machoni mwa mashine huweza kuonekana kama maneno matatu yasiyojuana. Waandishi wa miongozo, kwa upande wao, hupenda nomino katika vichwa vya habari: ufugaji, upandaji, utunzaji, matengenezo. Tafuta "ufugaji wa nyuki" badala ya "nataka kufuga nyuki" uone tofauti. Tena tuna maneno yenye maana nyingi. Neno "paa" ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama mdogo jamii ya swala, na ni kitendo cha kwenda juu. Mtambo haujui wewe umemkusudia yupi mpaka umpe paa wako jirani: "paa mnyama pembe", au "paa nyumba kuvuja". Maandishi ya Kiswahili mtandaoni bado ni machache kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo anayejua lugha zote mbili asione haya kujaribu kwa zote.

Alama zipo chache zinazostahili kukaririwa. Ukiyafunga maneno ndani ya alama za nukuu, unauambia mtambo uyatafute yakiwa pamoja na kwa mpangilio huo huo. Hili hunifaa zaidi kompyuta inaponitolea ujumbe wa hitilafu: naunakili neno kwa neno, naondoa jina langu na namba zinazohusu mashine yangu peke yake, naufunga kwa nukuu, na mara nyingi namkuta mtu aliyekwisha kupambana na tatizo lile lile. Alama ya kutoa ikigandamana na neno hulifukuza: paa -nyumba -mabati. Ukiandika site:who.int kisha malaria, utaletewa kurasa za Shirika la Afya Duniani pekee. Hakikisha tu hakuna nafasi baada ya nukta mbili. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue.

Majibu yakishafika, usikimbilie la kwanza. La juu kabisa huenda ni tangazo lililolipiwa, nalo huwa na alama ndogo ya kulitambulisha, ndogo mno kwa maoni yangu. Siku hizi huweza pia kutangulia muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Ni msaada, lakini hukosea kwa lugha fasaha, na kosa lililosemwa kwa ufasaha ndilo gumu kulishtukia, kwa hiyo fungua viungo vilivyoambatanishwa usome mwenyewe. Soma anwani ya tovuti kabla ya kubofya, hasa ukitafuta benki yako au mahali pa kuingizia nywila. Angalia tarehe pia: maelezo ya kutengeneza mkate ya mwaka 2009 hayajaoza, lakini maelezo ya mipangilio ya simu ya mwaka huo hayana kazi tena.

Maswali nitayapokea baada ya zoezi fupi. Fungueni simu zenu, muandike neno "paa" peke yake na mtazame kinachokuja. Kisha ongezeni au ondoeni maneno, moja moja, tuone ni nani atakayemfikia mnyama kabla ya mabati.