Hesabu Kamba, Usihesabu Roda

Mhadhara kwa vijana wa Lamu wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia jeshi la Marekani

Asalaam aleikum, wazazi wangu na vijana wangu. Nyinyi mliopata kadi ya kijani, kile kibali cha kuishi Marekani, na nia yenu ni jeshi la huko, ASVAB, huo mtihani wao wa kuingia, mnaijua, siielezi upya. Naanza na kosa ninalolisema kila kikao na bado nalikuta: kukariri majibu. Kwenye kompyuta, swali linalofuata hutegemea ulivyojibu lililopita. Ukipata, linakuja gumu zaidi. Ukikosa, linakuja jepesi. Wala huruhusiwi kurudi nyuma kusahihisha. Majibu uliyokariri yatakufaa wapi?

Chukueni sehemu ya mitambo. Kuna picha ya roda, lile gurudumu la kupitishia kamba, na kamba, na mzigo wa ratili 80, yaani pauni 80. Unaulizwa utavuta kwa nguvu gani. Kijana aliyekulia Lamu akitazama tanga likipandishwa, kisha akose swali hili! Inaniuma kwa kweli. Roda iliyofungwa juu ya mlingoti haikupunguzii uzito hata kidogo. Kazi yake ni kugeuza upande wa nguvu: wewe unavuta chini, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda juu. Mzigo wa ratili 80 unataka ratili 80, na katika kazi yenyewe msuguano unakuongezea.

Sasa fungeni ncha moja ya kamba juu, iteremsheni ipite kwenye roda iliyofungwa kwenye mzigo wenyewe, kisha ipandisheni tena. Mzigo umeshikwa na kamba mbili, kila moja inabeba 40. Utavuta 40. Lakini hupewi bure: ili mzigo upande futi 1, unavuta kamba futi 2. Wakikuuliza umbali badala ya nguvu, jibu liko hapo hapo.

Wanaokosa huhesabu roda. Wakiona tatu, wanagawa kwa tatu. Roda tatu zinaweza kuwa zimefungwa juu zote, na bado unavuta 80 nzima! Hesabu kamba zinazoishika ile roda inayopanda pamoja na mzigo. Kamba iliyo mkononi mwako, inayoshuka kutoka roda ya juu, haimo katika hesabu. Ichoreni picha hii mara kumi, kila mara mbadilishe roda na kamba, mpaka mkono uizoee.

Kuna atakayesema, "Mimi sitaki ubaharia, nataka kupita tu." Haya. Alama ya kupita, AFQT, inatoka katika sehemu 4: hesabu za mafumbo, kanuni za hesabu, maana za maneno na ufahamu. Jeshi la nchi kavu limezoea kudai 31. Na 31 si idadi ya maswali uliyopata; ni kwamba umewafikia au kuwapita vijana 31 katika kila 100 wa kundi la kulinganishia, Wamarekani wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Hapo umefunguliwa mlango. Kazi utakayopewa ndani hutazamwa pia kwa sayansi, umeme, magari na karakana, na hiyo mitambo. Anayezidharau ataingia, kisha akute kazi alizozitaka hazimo kwenye orodha yake.

Na yule mwenye hesabu kali anayekidharau Kiingereza, ajue kwamba katika AFQT alama ya lugha huhesabiwa mara mbili. Someni kila siku, mkiandika neno pamoja na sentensi mliyolikuta ndani yake.

Kikokotoo hakiruhusiwi. 15% ya 240: 10% ni 24, nusu yake 12, jumla 36. Fanyeni hivyo sokoni. Tena shuleni mmesoma mita na kilo, mtihani unauliza kwa vipimo vyao: futi ni inchi 12, yadi futi 3, maili futi 5,280, ratili wakia 16, galoni painti 8. Asiyevijua hukosa swali ambalo hesabu yake anaiweza.

Adhana ya alasiri imekaribia, haya nayataja mbio. Gia ya meno 12 ikizungusha ya meno 36, ndogo huzunguka mara 3 kubwa ikizunguka 1, kila moja upande wake. Taa ya wati 24 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 2. Vifaa mnavyoviona kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, jifunzeni majina yake kwa Kiingereza, na kila kimoja kinafanya nini. Maswali usiyoyafikia hukushusha alama, kwa hiyo tazama saa. Ukishindwa, unangoja mwezi 1. Mara ya pili, mwezi 1 tena. Baada ya hapo ni miezi 6 kila mara.

Jumamosi njooni na penseli, karatasi, na kipande cha kamba. Roda nitaleta mimi.