Msilaumu spika, laumuni kuta

Assalaam aleikum jamani, hamjambo. Huko nyuma mwanisikia? Nyinyi mliobanana ukutani mwanisikia na mvumo eh, basi mada yenyewe ndiyo hiyo.

Mwaka jana mzee mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa aliniita, ati wufa yake mpya, ile spika ya besi, ni mbovu, akiweka taarab besi yote ni duu duu duu mdundo mmoja. Nikafika, wufa imesukumwa kwenye kona, kuta za mawe ya matumbawe, chini saruji tupu. Sikufungua hata skrubu moja, nikaivuta tu nusu mita kutoka pale, mzee akaniangalia kama nimetoa jini.

Sasa sikizeni. Sauti za chini haziendi mbele tu, zinatawanyika kila upande, kwa hivyo ukiiweka spika karibu na ukuta ile iliyokwenda nyuma inarudi inajiunga na ya mbele, ukuta mmoja waweza kukuongezea mpaka desibeli 6 za besi (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na kona ni kuta mbili, tena ongeza na sakafu. Halafu kuna chumba chenyewe. Hizi nyumba zetu za zamani upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, tuseme mita 2.8. Sauti kwa hili joto letu yakimbia kama mita 349 kwa sekunde, gawanya kwa upana uliozidishwa mara mbili, wapata hezi 62 hivi, yaani mitetemo 62 kwa sekunde, besi haswa hiyo, na noti hiyo inasimama baina ya kuta mbili haitoki. Aliyekaa ukutani yamgonga kifua, aliyekaa katikati auliza besi iko wapi, na wote chumba kimoja! Ndo maana nawaambia kabla hamjagombana kuhusu spika badilishaneni viti kwanza.

Mwangwi nao ni kesi nyingine. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard kule Marekani, mwaka 1895 alipewa ukumbi ambao maneno hayashikiki, akawa anabeba matakia ya viti usiku usiku anayaingiza mle ndani na kupima sauti inakaa muda gani mpaka ife. Kipimo chake kikawa dirisha wazi, sababu sauti ikishatoka dirishani hairudi. Na sisi kwa joto la Mombasa madirisha wazi mwaka mzima, kumbe dawa tunayo bure, ila jirani ndiye anayeimeza. Zulia, mapazia mazito, makochi, vyote vinatuliza sauti za juu. Besi haijali mkeka, msidanganyane.

Spika mbili na kiti chako zifanye pembetatu ya pande sawa, twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iwe usawa wa sikio, si juu ya kabati huko karibu na dari. Mwenzako apitishe kioo ukutani nawe umekaa kitini, pale utakapoiona spika kwenye kioo ndipo sauti inapodunda, tundika kitu kinene hapo.

Wufa sasa, iweke juu ya kiti unachokaliaga, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa sakafuni kuzunguka chumba, pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo pa kuiweka. Yule mzee magoti yalikataa akamtuma mjukuu, mtoto akatambaa weee akasimama kando ya mlango, "hapa babu". Iko hapo mpaka leo, kila mgeni anajikwaa.