Mgonjwa Ndiye wa Mwisho Kujua

NEEMA: Haya, karibuni tena. Tuko Soweto, Mbeya, na leo mvua inapiga kwenye bati, mtuvumilie. Mimi ni Neema.

LUSAJO: Na mimi Lusajo. Kabla hatujaanza, leo tunazungumzia watu wenye ugonjwa usiopona wanaoomba wasaidiwe kufa. Kama wewe unayetusikiliza moyo wako umechoka na una mawazo ya kujidhuru, zima kwanza. Mtafute mtu wako wa karibu, nenda kituo cha afya, usikae peke yako. Kipindi kitakusubiri.

NEEMA: Kabisa. Sasa Lusajo, mada umeileta wewe.

LUSAJO: Nimeileta kwa sababu ya baba mkubwa, tuliyemzika Tukuyu mwaka juzi. Saratani ya koo. Alianza kushindwa ugali, akahamia uji, uji nao ukakataa, mwisho hata maji yakawa yanarudi. Mtu wa migomba na chai yule, mtu wa miraba minne, lakini mwezi wa mwisho nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Watoto wake wote wako Dar, mimi ndiye nilikuwa karibu. Akili ilikuwa timamu mpaka mwisho. Kila siku ananiuliza kama migomba imewekewa miti, maana ulikuwa msimu wa upepo. Halafu usiku mmoja akanishika mkono akasema, "Lusajo, nimechoka. Niache niende." Kesho yake akarudia. Sikuwa na la kumfanyia. Tangu hapo nasoma nchi nyingine wanafanyaje, na nimefika mahali naamini sheria iruhusu. Mtu mzima, akili zake, madaktari wamethibitisha hamalizi miezi sita, akiomba asaidiwe, asaidiwe.

NEEMA: Pole, mdogo wangu. Na kwetu sheria inasemaje?

LUSAJO: Kwetu mlango umefungwa. Kanuni za Adhabu, ukimsaidia mtu kujiua ni kifungo cha maisha. Na kuna jambo wengi hawalijui. Ukiharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua hata hivyo, kisheria umesababisha kifo chake. Huwezi kujitetea kwamba "alikuwa anakufa tu".

NEEMA: Na Katiba, ibara ya 14, haki ya kuishi.

LUSAJO: Hiyo ipo. Lakini tazama kwingine. Jimbo la Oregon, Marekani, wananchi walipiga kura 1994, sheria ikaanza kufanya kazi 1997. Madaktari wawili, miezi sita, na dawa mgonjwa anajinywea mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji walianza 2002, kule daktari anaweza kufanya mwenyewe, na hawakuweka sharti la miezi sita. Kanada 2016. Uingereza, tarehe 20 Juni 2025, Baraza la Makamoni lilipitisha muswada kwa kura 314 dhidi ya 291 ukapelekwa kwa Malordi, baraza la pili la bunge lao. Kura ishirini na tatu tu! Yaani hata wao wamegawanyika katikati.

NEEMA: Afrika je?

LUSAJO: Afrika Kusini walifika mahakamani. Wakili mmoja, Robert Stransham-Ford, alikuwa na saratani, akaomba ruhusa. Mahakama Kuu ya Pretoria ikamkubalia mwaka 2015. Alikuwa ameshafariki saa chache kabla, siku ileile. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile amri.

NEEMA: Sasa nisikilize mimi. Mimi mtoto wa Makete. Mwaka 2003 mama yangu alikuwa anahudumia wagonjwa majumbani, na mimi nambebea kikapu. Unajua Makete ya wakati ule wa UKIMWI. Unaingia nyumba hii mgonjwa, nyumba ya pili mgonjwa, ya tatu bibi na wajukuu peke yao. Kulikuwa na mama mmoja ameshagawa kanga zake zote. Mashuka mawili, mto, basi. Alituambia wazi, "Mngekuwa mnanipenda mngenimalizia." Daktari yeyote angeandika miezi sita, na angekuwa mkarimu. Halafu serikali ikaanza mpango wa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, zikafika mpaka kwetu. Lusajo, yule mama mpaka leo analima viazi. Ameniuzia gunia Desemba.

LUSAJO: Nashukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini dada, unanipa mfano wa ugonjwa uliopata dawa. Koo la baba mkubwa lilikuwa limeshaziba. Hakuna gari lililokuwa linapanda na dawa kuja kumwokoa. Si haki kumwambia mtu avumilie kwa sababu mwingine, kwa ugonjwa mwingine, alipata nafuu.

NEEMA: ... Sawa. Hapo umenibana, sina jibu.

LUSAJO: Sikutaka kukubana.

NEEMA: Hapana, ni kweli. Basi niulize kitu kingine. Mofini ya kutuliza maumivu alipata?

LUSAJO: Wiki ya mwisho. Kabla ya hapo ilikuwa panado, baadaye tramado. Na si kwamba hatukuhangaika.

NEEMA: Ndiyo linaloniuma. Mofini ya maji si dawa ya ajabu. Ni unga unachanganywa na maji, mgonjwa anapimiwa nyumbani kwake. Uganda, Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 na dawa hiyohiyo, na toka 2004 wauguzi wao waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Muuguzi! Kwa sababu kijijini ndiye aliyepo. Sisi tiba shufaa, ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, tunayo, Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, wanatoa, hospitali za Walutheri zimeifanya miaka mingi. Lakini kutoka hapa mpaka Ocean Road ni zaidi ya kilomita 800. Mtu anayetapika maji utampandisha basi la Dar? Mimi naona mtu anayeomba kufa huku maumivu hayajatibiwa, huyo anaomba maumivu yaishe. Hajachagua.

LUSAJO: Nilijua utakuja huko, na nilifika huko kabla yako. Ila soma taarifa za Oregon za kila mwaka. Wengi sana wanaotumia sheria ile tayari wako chini ya tiba shufaa. Wakiulizwa sababu, maumivu hayatajwi kwanza. Wanataja kutojiamulia mambo yao, kushindwa kufanya vinavyoyapa maisha ladha, kupoteza heshima. Na kama theluthi moja ya wanaoandikiwa ile dawa hawainywi kabisa. Iko kabatini. Wanakufa na ugonjwa wao, lakini walijua mlango upo. Kwa hiyo mofini nakubali, iletwe kesho asubuhi. Lakini haimalizi swali.

NEEMA: Hilo la theluthi sikulijua.

LUSAJO: Mimi nilipolisoma nilifunga simu nikakaa.

NEEMA: Lakini taarifa hizohizo hazitaji pia mtu kuogopa kuwa mzigo kwa nduguze?

LUSAJO: Zinataja. Wengi wanasema hivyo.

NEEMA: Sasa hilo lilete Rungwe kwenu. Kule Oregon mtu anaogopa kuwa mzigo, na bado walau ana pa kuegemea. Hapa mgonjwa analala anasikiliza ukutani, ng'ombe kauzwa, mjukuu karudishwa ada, shamba lake linatajwa bei. Akisema nataka kufa, anayesema ni nani? Ni yeye au ni yule ng'ombe?

LUSAJO: Tuliuza wawili.

NEEMA: Alijua?

LUSAJO: Tulimficha. Lakini alikuwa mfugaji, dada. Alikuwa anasikia zizi.

NEEMA: Nikuulize na hili, usipotaka usijibu. Kwamba ana saratani, nani alimwambia?

LUSAJO: ...

NEEMA: Tunaweza kuliruka.

LUSAJO: Hapana. Hakuna aliyemwambia. Siku majibu yalipotoka daktari alinivuta koridoni, akauliza, "Wewe ndiye mtoto wake?" Nikasema ndiyo. Akanieleza palepale, watu wanapita na ndoo. Akasema mzee msimwambie, atakata tamaa. Nikapiga simu Dar, kaka zangu nao wakasema tusimwambie. Tukamwambia ni vidonda.

NEEMA: Mpaka mwisho?

LUSAJO: Mpaka mwisho. Mchungaji alijua. Balozi wa nyumba kumi alijua. Mke wake aliambiwa wiki mbili kabla.

NEEMA: Simlaumu daktari, na wewe sikulaumu. Mama yangu alipougua tulifanya hivyohivyo, na sisi ndio watu wa kutembelea wagonjwa! Tunaita huruma. Lakini ndiyo maana ukinisomea hizo sheria, ya Oregon na huo muswada wa Uingereza, nashindwa kuziweka hapa. Zote zinaanza na mgonjwa anayejua. Anajua jina la ugonjwa, anajua muda wake, anaomba kwa mdomo wake. Hapa kwetu daktari anaongea na mtoto wa kiume, mtoto anaongea na ukoo, ukoo unakaa kikao. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua, kama atajua. Ukipitisha sheria hiyo leo, ombi litatoka kwenye kikao cha ukoo, na mgonjwa ataletewa karatasi aweke dole gumba.

LUSAJO: Hilo linanitisha kweli. Maana kaka zangu nawajua. Watu wazuri, lakini gharama zilikuwa zimewafika shingoni, na kwenye simu mmoja alishaanza kusema "mzee apumzike".

NEEMA: Hawezi kuamua kuhusu kufa kwake mtu ambaye tumeamua asijue kwamba anakufa.

LUSAJO: Mimi sheria bado naitaka, dada. Siwezi kukudanganya. Kuna mtu atakuwa ameambiwa kila kitu, maumivu yametulizwa, hana deni, na bado atasema sasa basi. Huyo wewe utamwambia nini?

NEEMA: Nitakaa naye. Najua si jibu. Ningejibu tofauti ningekuwa nasema uongo hapa mbele ya watu.

LUSAJO: Ndaga, dada. Asante.

NEEMA: Ila nina swali moja limenikaa tangu ulipoanza. Alipokuambia "niache niende", mlikuwa wapi?

LUSAJO: Wodini. Hapahapa mjini.

NEEMA: Si nyumbani Tukuyu.

LUSAJO: Hapana. Tuliona hapa kuna oksijeni, kuna dripu. Alikuwa amekaa wiki tano.

NEEMA: Na alikuwa anauliza migomba.

LUSAJO: Kila siku. ... Kilomita kama sabini tu. Teksi ingetosha.

NEEMA: Hatujui, Lusajo. Inawezekana alimaanisha vilevile ulivyoelewa.

LUSAJO: Inawezekana. Alisema "niache niende", na mimi nikajifanya najua anataka kwenda wapi. Sikumuuliza.

NEEMA: Tupumzike kidogo. Zima hiyo maiki.