Video Isiyo na Mwenyewe

Karibuni, na poleni mliokuja mkitarajia majini. Leo sina hata mmoja; nina video za kutisha ambazo mwenyewe hajulikani.

Tuanzie Chicago, usiku wa tarehe 22 Novemba 1987. Kituo cha televisheni cha WGN kiko kwenye habari za michezo, mara picha inakatika. Anatokea mtu kavaa kinyago cha Max Headroom, mhusika wa televisheni aliyevuma miaka ile. Nyuma yake bati la migongo linayumbayumba, na sauti hakuna, ni mvumo tu. Mafundi wanawahi kumtoa. Mtangazaji Dan Roan anarudi hewani, anawaambia watazamaji kama mnajiuliza kumetokea nini, hata mimi najiuliza.

Saa tano usiku ikiwa imeshapita, mtu huyo akaingilia matangazo ya kituo kingine, WTTW. Safari hii alikaa kama sekunde 90, akiropoka, akiimba, na mwishowe akainama achapwe matakoni kwa kipigio cha nzi. Kwenye mtambo wa kurushia matangazo hakukuwa na fundi wa zamu wa kumzima.

Naona mnacheka. Ni haki yenu, kwa kusimulia ni kichekesho. Lakini itazameni ile rekodi wenyewe, usiku, halafu mje mniambie. Serikali ya Marekani ilichunguza, na mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Yule mtu hakuuza kitu wala hakudai kitu. Ni kama hodi ya usiku wa manane: unauliza “nani?”, kimya. Angejibu “ni jambazi,” walau ungejua ushike panga au upige simu.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema vijana wanapenda video hizi kwa sababu wanapenda damu. Nyingi hazina damu hata tone. Mwaka 2013 ilizuka chaneli ya YouTube iitwayo Webdriver Torso, ikapandisha video kwa maelfu, kila moja ya sekunde 11: mstatili mwekundu, mstatili wa buluu, na mlio. Basi! Watu wakasema ni majasusi, wengine wakasema ni viumbe wa sayari nyingine. Mwaka 2014 Google wakakiri kuwa ni majaribio yao ya kupima ubora wa video. Siku hiyo utamu ukaisha. Mwenye video kajulikana, hofu ikakosa pa kukaa.

Sasa kuna kisa kinachonisumbua. Mwaka 2019 picha moja ilisambaa mtandaoni: chumba kitupu, kuta za manjano, zulia, taa za tyubu. Wakaiita Backrooms, yaani vyumba vya nyuma. Januari 2022 kijana wa miaka 16, Kane Parsons, akaitengenezea video kwa Blender, programu ya kuchora picha za kompyuta, akaichafua makusudi ifanane na mkanda wa zamani, na mamilioni wakaitazama. Kisha mwaka 2024 waliochimba wakagundua picha ile ilipigwa Oshkosh, Wisconsin, ndani ya jengo la duka lililokuwa likikarabatiwa.

Kwa hesabu yangu, hofu ingekufa hapo. Haikufa. Nadhani ni kwa sababu mahali pamejulikana, lakini chumba bado hakijasema kazi yake. Duka lisilo na bidhaa, muuzaji wala mteja, na taa zote zinawaka. Zinamwakia nani?

Haya, maswali. Tuanze na dada wa pale nyuma.