Mashine Inayosikia Sakafu

Walimu wangu, nanyi wanafunzi mliokatiza mvua hii ya Kisumu kuja kunisikiliza, asanteni.

Nikifika kwa mteja kumsimikia hadubini, sanduku silifungui kwanza. Nauliza: pampu ya maji iko upande gani? Malori hupita karibu? Hadubini ya nguvu za atomu, waliyoibuni Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986, haioni kwa mwanga. Inapapasa, kama sisi tunavyopapasa kuta stima ikipotea. Ina kijiti chembamba mno chenye ncha ya nanomita 10 hivi; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Leza humulika mgongo wa kijiti, ncha ikipanda au kushuka mwale unasogea, kompyuta inachora. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa ncha ile, mlango ukibamizwa ni tetemeko la ardhi.

Katika maabara moja ya huku magharibi, kila picha ilitoka na mawimbi. Nikabadilisha ncha, nikailenga leza upya, nikakagua nyaya zote. Siku mbili zikapotea, na kosa lilikuwa langu: sikumuuliza aliyekuwa karibu nami muda wote. Mama mwanateknolojia wa pale akaniambia, "Injinia, hebu ngoja saa saba." Saa saba mawimbi yakatoweka. Ng'ambo ya ua kulikuwa na mashine ya kusaga unga, na msagaji alikuwa ameizima aende kula. Mwongozo wetu haukuijua mashine ile. Mama aliijua.

Tukahamia chumba cha mbali, tukaweka mtambo juu ya bamba zito la jiwe lililolala kwenye tyubu za gari.

Siku ya nne nikamwachia Mama kiti. Ncha mbili zikavunjika. Sikumkemea, maana asiyeruhusiwa kuvunja ncha ataiogopa mashine, na mashine inayoogopwa huishia kufunikwa kitambaa.

Sampuli yake ilikuwa seli nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria vilivyokuzwa maabarani hadi vikakomaa. Kimelea hicho, Plasmodium falciparum, huotesha vinundu juu ya seli, nanomita 100 hivi kila kimoja, navyo huinatisha seli kwenye kuta za mishipa midogo. Ndiyo sababu vimelea vilivyokomaa ni adimu katika tone la damu ya kidole. Mama alikuwa amesoma slaidi za malaria miaka mingi, ila vinundu hivyo ni vidogo mno kwa hadubini ya mwanga.

Picha ikashuka mstari kwa mstari. Vikajitokeza. Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba nitoke nje, arudie peke yake.