Mwanamke wa Sari Langoni pa Kiwanda

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Ukiwataja Wahindi wa Afrika Mashariki waliopata madaraka Uingereza, jina la kwanza kutajwa ni Rishi Sunak. Ni haki yake. Oktoba 2022 alikuwa waziri mkuu, yeye ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Mwenyewe husimulia kwamba bibi yake mzaa mama aliuza vito vyake vya harusi ili apate nauli ya kwenda Uingereza mwaka 1966. Nanyi mnajua dhahabu ya bi harusi ni kitu gani: ndiyo akiba yake ya mwisho, haiguswi mpaka maji yafike shingoni.

Lakini leo nimekuja kumzungumzia mwanamke mwingine wa zama zile zile, Jayaben Desai. Alizaliwa Gujarat, akaolewa, akaishi Tanganyika, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia London na familia yake. Kimo chake hakikufika futi tano.

Wakati ule Waasia kutoka kwetu walikuwa wakimiminika Uingereza. Wengine walibanwa na sheria za vibali vya kazi na biashara Kenya; kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Uingereza ilipokea watu kama 28,000. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifika hadi kulipia tangazo katika gazeti la Kampala kuwasihi wasiende huko. Walikwenda. Leo Barabara ya Belgrave jijini humo imejaa maduka yao ya sari, vito na vyakula.

Tunapenda sana kusimulia maduka hayo. Tunasahau kwamba kabla ya duka palikuwa na kiwanda. Mtu aliyekuwa na karani wake Kampala alijikuta amesimama kwenye mashine zamu nzima, akiomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kiwanda cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, kilisafisha picha za wateja zilizotumwa kwa posta. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki, na saa za ziada zilikuwa za lazima. Agosti 1976, katikati ya joto kali, Jayaben aliamriwa abaki kazini wakati alikwisha kujiandaa kwenda nyumbani. Akakataa. Alimwambia meneja kwamba pale si kiwanda bali ni bustani ya wanyama. Wamo nyani wanaocheza kwa kufuata kidole chake, na wamo simba wa kumng'oa kichwa. Sisi, akasema, ndio hao simba. Akatoka na mwanawe. Wenzao wakafuata hadi wakafika 137, wakajiunga na chama cha wafanyakazi, wote wakafukuzwa kazi.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Miaka miwili tu nyuma, Waasia walipogoma katika kiwanda cha mashine za kuchapia huko Leicester, viongozi wa chama chao wenyewe waliwapa kisogo. Grunwick mambo yaligeuka. Matarishi wa posta wa Cricklewood walikataa kugusa barua za kiwanda. Wachimba makaa ya mawe walitoka Yorkshire na Wales wakaja kusimama langoni, maelfu ya wanaume weupe nyuma ya mama mmoja mwenye sari na mkoba. Kwangu mimi huo ni uongozi mkubwa kuliko wizara yoyote, maana hakuteuliwa na mtu, wala hakuwa na cheo cha kumlazimisha yeyote amfuate.

Mgomo ulishindwa. Ulipofungwa Julai 1978, hakuna aliyerudishiwa kazi, ingawa tume ya uchunguzi ya serikali ilikuwa imependekeza warudishwe. Vyama vikubwa vilikwisha kurudi nyuma. Jayaben aligoma kula mbele ya makao makuu ya shirikisho la vyama hivyo, viongozi hawakutikisika.

Baadaye alifundisha ushonaji chuoni Harrow. Alipofika miaka 60 akafanya mtihani wa kuendesha gari, akafaulu, akawa anawahimiza wanawake wenzake nao wajifunze.