Mwezi wa Mvua: Mhadhara Kuhusu Shravan

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya Shravan, mwezi mtukufu wa Wahindu. Nitaanzia jikoni, maana huko ndiko nilikoujulia.

Tulipakana na familia ya Kigujarati, hapa hapa Dar es Salaam. Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa nane, ilikuwapo siku moja ambayo mama wa nyumba ile hawashi jiko. Hata chai hachemshi. Jana yake amepika kutwa nzima: chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, maandazi madogo ya unga wa uwele na ufuta. Usiku anazima moto, anasafisha jiko, analiwekea ua. Asubuhi sahani inapitishwa juu ya ukuta wa uani, kila kitu baridi, na bibi yangu anaguna: "Hawa jamani, mafuta ya taa yamewaishia?"

Hayakuwaishia. Siku ile ni Shitala Satam, siku ya saba ya giza la mwezi. Shitala ni mungu wa kike wa ndui na homa za upele, na jina lake maana yake ni mwenye ubaridi. Husimuliwa kwamba mke wa mwana mdogo alichoka kupika, akapitiwa na usingizi bila kuzima moto. Usiku Shitala akaja kujigaragaza kwenye majivu kama ilivyo ada yake, akaungua, akalaani. Kulipokucha, mtoto wa yule mama amekufa kitandani. Mama akamtia kapuni, akatoka kwenda kumtafuta aliyemuudhi. Njiani akamkuta kikongwe chini ya mti, kichwa kimejaa chawa. Akaketi, akamtoa chawa mmoja mmoja. Kikongwe akapoa, na mle kapuni mtoto akalia. Wapo wanaoisimulia kwa namna nyingine. Mimi niliisikia hivi, pale pale ukutani.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa jirani yetu huku, mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Jiko bado linazimwa. Sioni cha kucheka hapo; surua ipo, tetekuwanga ipo, na mama yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa anajua ubaridi una thamani gani.

Kabla sijaendelea, niwasahihishe jambo dogo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini. Bohora ni Mhindi, Singasinga ni Mhindi, Mgoa anayekwenda kanisani vilevile, na wote hao hawamo katika habari hii. Wahindu ndio ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani. Ile methali ya kiatu mnaijua, sina haja ya kuitaja.

Sasa turudi kwenye mwezi wenyewe. Shravan ni mwezi wa mvua. Kule India mvua kubwa huanza Juni, na Shravan huangukia katikati yake, Julai na Agosti. Mtaniuliza: mwezi unaofuata kuandama utakaaje kwenye mvua miaka yote, wakati Ramadhani yetu huzunguka kiangazi na masika? Hesabu ndiyo inayowatofautisha. Miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Sisi Waislamu tunaziacha ziende. Wahindu wanaziweka akiba, na zikitimia kama mwezi, kila baada ya miaka miwili na miezi minane hivi, wanaongeza mwezi wa kumi na tatu. Mwaka 2023 Shravan wenyewe ndio uliorudiwa.

Wala hawauanzi pamoja. Watu wa kaskazini, Uttar Pradesh na Bihar, huhesabu kutoka mwezi mpevu. Gujarat huanza mwezi ukiandama. Mwaka 2025 kaskazini walianza tarehe 11 Julai, Gujarat tarehe 25. Kwa hiyo mkiona Wahindu wawili wa mji mmoja wanapishana wiki mbili, msidhani wamegombana. Sisi wenyewe kwa mwezi wa Idi tunajuana.

Mwenye mwezi huu ni mungu Shiva, na Jumatatu zake ndizo nzito. Visa vinasema miungu na mahasimu wao waliisukasuka bahari ya maziwa wapate kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ndio uliokuwa mchi, nyoka Vasuki ndiye kamba. Kilichotangulia kutoka kikawa sumu ya kuua ulimwengu. Shiva akainywa, akaizuia kooni, na koo likageuka buluu. Tangu hapo watu humpoza: wanamimina maji na maziwa juu ya linga, lile jiwe lililosimama hekaluni, kisha wanaweka majani ya mbilva, yale yanayoota matatu matatu. Huko kaskazini mahujaji wa nguo za rangi ya chungwa huteka maji ya mto Ganga na kuyabeba kwa mzega mabegani. Kutoka Sultanganj mpaka hekalu la Deoghar ni zaidi ya kilomita 100, wengi wanatembea peku, na mtungi hauruhusiwi kugusa ardhi. Ukitaka kupumzika, unautundika.

Kufunga kwao si kama saumu yetu. Wengine hula mara moja kwa siku. Wengi huacha nyama, samaki, vitunguu na nafaka, wakala viazi, karanga, maziwa na sago, zile punje nyeupe za wanga. Na sago ya India hutengenezwa kwa muhogo! Basi Wagujarati wa huku hawakupata taabu: muhogo wetu wakauingiza kwenye chakula cha mfungo, wakauita mogo, na waliohamia London wamekwenda na jina hilo hilo.

Mwezi ukiwa mpevu, dada humfunga kaka uzi mkononi. Hilo mmeliona kwenye sinema. Mimi napenda zaidi la pwani. Siku hiyo hiyo mabaharia wa Gujarat na wavuvi Wakoli wa Mumbai hutupa nazi baharini. Kusi imeifunga bahari yao tangu Juni, vyombo viko nchi kavu. Nazi zikishatupwa, wavuvi hurudi baharini; mabaharia wa safari ndefu walirudi kwenye kukalafati na kupaka deheni, wakingoja upepo ugeuke. Kaskazi ikivuma ndipo majahazi ya Kachchh, huko Gujarat, yalipotokea Lamu, Mombasa na Unguja, yamejaa nguo.

Na huku kwetu mwezi huo ni kipupwe, mbingu kavu. Mwaka jana nilipita mtaa wa Kisutu Jumatatu moja ya Shravan, alfajiri. Akina mama wamepanga foleni nje ya hekalu na vikombe vya shaba, wamefunika maziwa kwa kiganja yasiingie vumbi. Mbele ya lango mlinzi, kijana wa Lindi kwa lafudhi yake, alikuwa akinyunyiza maji chini kwa kopo la rangi, kopo baada ya kopo, mpaka barabarani.

Haya, maswali.